Hurricane ilianguka wapi hasa? Kutafuta mabaki ya 1939–40 mpakani Lorraine

Ripoti ya rubani haikuambii adui alianguka wapi. Inakuambia rubani alimwona wapi mara ya mwisho, tena akiwa juu sana, shingo ikizunguka kutazama nani yuko nyuma yake. Kosa la kilomita kumi si ajabu.

Kwa hiyo anza na makaratasi, ya pande zote. Hurricane, ndege za kivita za Uingereza, za Kikosi cha 1 na cha 73 zilikaa Vassincourt na Rouvres, huko Lorraine, Ufaransa. Kumbukumbu zake ziko Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza. AIR 27 ni daftari la kikosi, AIR 50 ripoti za mapambano, AIR 81 majalada ya waliokufa au kuumia. Za Wafaransa ziko Vincennes, hasara za Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, ziko Freiburg.

Kisha sawazisha saa. Hapa wengi huteleza. Kuanzia katikati ya Novemba 1939 Ujerumani ilikuwa saa moja mbele ya Ufaransa. Tofauti ikafutika Februari 25, 1940, Wafaransa waliposogeza saa mbele kwa majira ya kiangazi, ikarudi Aprili 1 Wajerumani walipofuata. Desemba 22, 1939, Kikosi cha 73 kilipopoteza Hurricane mbili kwa Bf 109, ndege za kivita za Kijerumani, saa tano asubuhi ya Rouvres ilikuwa saa sita mchana kwa Mjerumani.

Shambani, usitarajie mabati mengi. Hurricane ya wakati ule ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, nyingi zikiwa na mabawa ya kitambaa pia. Ikiungua, kinachobaki ni kidogo. Bf 109 ni duralumini, aloi ya alumini, karibu yote. Na kwa kuwa udongo wa Woëvre, uwanda wa Lorraine, umejaa vyuma vya 1914–18, kifaa cha kutambua metali kitapiga kelele kila hatua. Tembea baada ya shamba kulimwa na mvua kunyesha, mistari iliyoachana mita 2, ukitafuta kwa macho matone ya alumini iliyoyeyuka na unga wake mweupe. Weka kila kipande kwenye ramani kabla ya kukiokota.

Maganda ya risasi ndiyo shahidi bora, ila yasome kitakoni. Ganda la Browning ya Hurricane, milimita 7.7, lina ukingo uliotokeza. La Mjerumani, 7.92, halina. Halafu tazama fataki, kile kiwashio kidogo cha baruti katikati ya kitako. Ikiwa na alama ya pini ya bunduki, risasi ilifyatuliwa, na ganda lingeweza kudondoka kutoka ndege yoyote iliyopita juu. Ikiwa nzima huku ubavu wa ganda umepasuka, risasi ililipuka kwa moto, ikiwa bado ndani ya ndege. Hilo la pili lina thamani kuliko mia ya la kwanza.

Ndege iliyotua kwa tumbo kwa kawaida ilibebwa, hivyo utakuta patupu.

Ufaransa, kutafuta vitu vya kihistoria kwa kifaa cha kutambua metali kunahitaji kibali cha mkuu wa mkoa. Risasi nzima usiiguse. Ukiona mfupa au buti, acha kuchimba, funika, waite polisi.