Pezi la sangara

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesomea sanaa chuoni, alinionyesha kwenye simu picha ya mchoraji wa Marekani, Barnett Newman, iitwayo Onement VI. Turubai kubwa la bluu, na mstari mmoja mwembamba katikati, toka juu hadi chini. Mwaka 2013 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 43. "Mjomba," akaniambia, "hii si ya kuelewa, ni ya kuhisi."

Bluu yake nzuri, sikatai. Ziwa likitulia alfajiri huwa na rangi ya namna hiyo. Lakini nimelala nikiiwaza, na bado moyo umegoma.

Mimi nachora mitumbwi hapa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nilipoanza, tajiri mmoja alitaka sangara ubavuni, pembeni ya jina la mtumbwi. Nikapiga msasa, nikachora samaki mnene, gamba kwa gamba, siku mbili nzima. Mtoto wa mama mmoja anayeanika dagaa akaja, akatazama, akasema: "Huyo sato." Kweli kabisa. Pezi la mgongoni nilikuwa nimelinyoosha bila kukatika hadi karibu na mkia. Sangara hayuko hivyo: pezi la mbele lina miiba, linashuka mpaka karibu liguse mgongo, ndipo la pili linainuka. Nikakwangua, nikaanza upya, gharama ya rangi juu yangu.

Ile bluu nani ataikosoa? Mondrian, mkubwa wa wachoraji wa mistari na rangi tupu, alitengeneza picha iitwayo New York City I kwa utepe wa rangi mwaka 1941. Mwaka 2022 mtaalamu wa makumbusho kule Düsseldorf akaeleza kuwa imetundikwa kichwa chini tangu 1945. Miaka zaidi ya 75! Na wameiacha hivyo hivyo, wakihofia utepe utabanduka. Mpwa wangu anasema hilo linathibitisha uzuri wake. Mimi naona watu wote hao walitazama jina la mchoraji, picha hawakuitazama. Sangara wangu angelala kichwa chini hata nusu saa, Mwaloni nzima ingepiga kelele.

Yule mtoto siku hizi ni mvuvi. Sangara ninayemchora sasa amebakiza jicho: jeusi, lenye duara la njano kulizunguka. Nimechanganya hiyo njano mara nne. Kesho akirudi toka ziwani nitamwita aitazame kabla haijakauka.