Kope za Shangazi na Umbali wa Maji

Shangazi yangu, anayeishi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, hufunga kibanio kidogo cha chuma kwenye pindo la kanga yake, na kila baada ya siku chache humwita mjukuu mwenye macho makali amng'oe nywele za kope, kwa kuwa zimegeukia ndani na zinamkwaruza mboni kila anapopepesa. Nilipokuwa mdogo niliona wanawake wengi wa Kigogo wakiwa na vibanio vya namna hiyo, nikadhani kuota nywele ndani ya jicho ni sehemu ya uzee, kama mvi.

Kumbe ni trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu huuita vikope. Bakteria humwingia mtoto, akapona, akaambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, mpaka upande wa ndani wa kope ukajaa makovu yanayoivuta na kuikunja. Kwa kuwa maambukizi hukaa zaidi kwa watoto wadogo, anayewabeba na kuwafuta makamasi ndiye anayeumia: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara 4 zaidi ya wanaume.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, nilikaa kwa shangazi wiki mbili. Mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, hivyo wakati huo korongo lilikuwa limekauka na maji yalipatikana kwa kufukua mchanga na kuyateka kwa kata, kidogo kidogo. Tulitoka alfajiri na madumu, tukarudi jua limekwisha kuwa kali. Dumu la lita 20 lilipotua uani lilikuwa na wenyewe tayari: chungu cha ugali na mlenda, maji ya kunywa, ndama aliyefungwa zizini, vyombo. Uso wa mtoto ulikuwa wa mwisho, na mara nyingi zamu yake haikufika. Mke wa binamu yangu aliwahi kukaripiwa kliniki, mbele ya kina mama wenzake, kwamba ni mchafu. Aliyemkaripia hakumuuliza maji anayachota wapi.

Siku moja tulijaribu kuosha nyuso kwa kumimina maji kidogo kidogo badala ya kutumia beseni, na kopo moja la nusu lita likawatosha watoto wanne. Shangazi alishangaa, maana siku zote aliamini kunawisha watoto ni kumaliza dumu. Jambo hili lina uzito wake: utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi hawakupata trakoma kali kwa kiwango cha wenzao. Nzi nao wana sehemu yao. Nzi anayependa kutua machoni huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi, wala si ndani ya choo cha shimo. Kwa hiyo choo cha jirani ni kinga ya macho ya mtoto wako.

Siidharau kingatiba, yaani dawa wanayogawiwa wanakijiji wote kwa pamoja. Vidonge vimeokoa macho ya watu wengi mkoani kwetu, lakini mtoto akimeza dawa leo, kisha akarudi kwenye ua uleule wenye nzi walewale na dumu lilelile, ataambukizwa upya. Ndiyo maana nauona mpango wa kuchimba kisima kuwa mpango wa afya, na ningependa mganga wa zahanati awe na kauli pale kijiji kinapoamua kichimbwe wapi.

Shangazi alishafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Ni upasuaji mdogo, wa ganzi, na kope yake imekaa vizuri. La kushoto amelikataa kwa sasa, kwa sababu siku alizokaa amefungwa bandeji hakukuwa na mtu wa kwenda korongoni. Anasema atakwenda mvua zikianza, maji yakiwa karibu. Lakini mvua zikianza, ni kulima.