Mbio za matanga, nikitazama nikiwa Dunga

Olimpiki ya Paris 2024 mbio za mashua za matanga hazikuwa Paris, walizipeleka Marseille baharini, na kuna siku upepo uligoma kabisa watu wakabaki wanangoja tu, wavuvi wa hapa Dunga, Ziwa Victoria, wangecheka sana aki. Mi kilichonishika ni pointi: wa kwanza anapewa 1, wa pili 2, so anayeongoza ni mwenye pointi chache, halafu kwa boti nyingi ile resi ya mwisho, ya medali, waliingia kumi bora na pointi zilihesabiwa mara mbili, hapo ndo presha! Marit Bouwmeester wa Uholanzi alibeba dhahabu ya ILCA 6, ile boti ndogo ya mtu mmoja, na huyo mama amekuwa akichukua medali tangu London 2012. Vijana wetu wa ziwani wapewe tu boti kama hizo na kocha, tuone.