Siku Tulipozifunika Herufi

Nilikuwa natafuta shafti, yaani mpini, ya fimbo yangu ya gofu, na jedwali la kasi lilinipa jibu moja tu. Kichwa cha fimbo kikienda kati ya maili 85 na 95 kwa saa, chukua shafti ya R, yaani ya ugumu wa kawaida. Kati ya 95 na 105, chukua S, iliyo ngumu. Zaidi ya hapo, X, iliyo ngumu zaidi. Mimi kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali kabisa, nilikuwa nagusa 97, basi S ndiyo iliyonistahili. Lakini S niliyokuwa nayo iliurusha mpira chini chini, tena ukiishia kulia, na mikononi ilikuwa kavu kama ubao. Sikuridhika.

Nikamwendea mzee mmoja, fundi wa kupima fimbo. Nilimwomba jambo moja: kabla sijapiga hata mpira mmoja, azifunike herufi zote kwa utepe.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akaniambia huku akikata utepe. "Herufi hizi hazina kipimo kimoja cha watengenezaji wote. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule."

Kichwa cha draiva hakikubadilika. Kila mara alilegeza skrubu kwa ufunguo mdogo, akachomoa shafti na kupachika nyingine. Rada ya kupima kasi na mruko wa mpira ilikuwa nyuma yangu, ila yeye hakuikimbilia. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, pale juu kabisa fimbo inapogeuka kushuka. Hapo ndipo shafti hunepa sana. Anayeivuta kwa ghafla huielemea, naye huhitaji ngumu. Anayegeuza taratibu huielemea kidogo, hata kama wote wawili wana kasi ileile chini kwenye mpira. Jedwali haliwezi kuliona hilo, na kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa kiini cha jambo zima.

"Wewe hugeuza bila papara," akasema.

Ile laini kupita zote ilinichanganya. Kichwa kilichelewa, kisha kikaja kwa kishindo. Mpira ukapaa mno, mara katikati, mara kushoto kabisa. Nikairudisha upesi. Iliyofuata nilijua kabla sijainua macho. Nilikihisi kichwa kilipo tangu juu hadi chini, na mlio wa mpira ulikuwa mzito, wa katikati ya uso wa fimbo. Rada ikaonyesha kasi ileile ya 97, lakini mpira uliondoka kwa digrii 12 badala ya 10, na alama za kutua zilikuwa zimekusanyika pamoja.

Mzee akabandua utepe: R, gramu 60. Yangu ya zamani ilikuwa na gramu 70. Nikauliza kama pengine uzito ndio ulioleta tofauti yote. Nililipenda jibu lake, maana hakubishana. Alipachika S ya gramu 60. Mikono ilipata nafuu kidogo, lakini mpira ukarudi chini na kulia. Uzito ulikuwa na sehemu yake, ila ugumu ulikuwa na sehemu kubwa zaidi.

Nikachukua ile R. Fimbo za chuma, zile za mapigo mafupi zaidi, hatukuzigusa. Shafti zake ni nzito zaidi na swingi yake, yaani namna ya kuizungusha fimbo, ni tofauti, kwa hiyo akanipangia siku nyingine ya kuzipima zenyewe.