Nyuki Wangu Walishibia Mchu

Nyuki walinihama mara mbili pale Mokowe, bara ya Lamu. Mara ya pili nilifungua mzinga nikakuta masega makavu, hakuna asali wala majana, mjusi ndiye aliyekuwa ndani. Ilikuwa katikati ya kaskazi, na ukiondoa minazi hakukuwa na ua la maana. Ushauri wa kila mtu ulikuwa mmoja: wape maji ya sukari. Niliwapa, na sukari ile ikaita sungusungu wakavamia mizinga usiku.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani akaniambia dawa ni kupanda mlinde, mti ambao kwao nyuki huufuata kama wameitwa. Ni kweli, mti ule una mbochi nyingi, na asali yake inasifika huko. Akaniletea bahasha ya mbegu, vijitunda vigumu ukubwa wa pilipili manga. Mbegu za mlinde haziamki mpaka zipitishwe kwenye unyevu na baridi kama za majira ya kwao. Basi nikazifukia katika mchanga mbichi ndani ya kopo, nikaziacha kivulini miezi kadhaa, kisha nikazihamishia kwenye friji miezi mitatu zaidi. Mke wangu alivumilia kopo la mchanga kando ya samaki. Stima ikipotea, nilikuwa nakimbilia barafu bandarini. Kati ya mbegu 40 hivi zilimea 3. Siwezi kusahau majani yake ya kwanza: yamechanika kama kiganja cha mtoto kilichofunguliwa. Niliyapenda sana. Kaskazi iliyofuata yote yalikauka, ingawa nilimwagilia asubuhi na jioni.

Baadaye nikajua kwamba hata kwao mlinde huweza kukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kutoa ua, na ukichanua ni wiki mbili tatu tu, Juni na Julai. Hilo lilinikera kuliko mbegu zilizokufa. Nyuki wangu walikuwa na njaa ya mwezi ule ule.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, aliyekata boriti ujana wake wote. Tulikuwa kwenye dau katika mlango wa bahari wa Mkanda, akashika tawi la mchu, mmoja wa miti ya mikoko. "Ndoo uone, mwanangu. Nusa." Vijiua vya manjano, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vimejikusanya kwenye ncha, na harufu yake ni asali tupu. Juu ya kila kishada nyuki. Nililamba jani, lina chumvi. Mti ule huitoa chumvi kupitia majani. Mchu haunyooki, hautoi boriti nzuri, wengi huujua kwa mataruma, yaani mbavu, za madau na kuni za tanuri la chokaa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nami nilikuwa nagandisha mbegu za Ulaya!

Ruhusa ya watu wa misitu ya kuweka mizinga mikokoni nilipata. Kuhamisha mizinga kulifanyika usiku, milango imezibwa kwa gunia bichi, maji yakiwa yamejaa ili dau lifike karibu. Usiwasogeze nyuki mita mia mbili tu, watarudi walikotoka. Wapeleke mbali, kilomita tano au zaidi. Na usipime mahali pa kuweka mzinga siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana. Mimi nilingoja bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, nikatazama takataka za bahari zilipokwama kwenye mashina, nikajenga vichanja juu ya alama hiyo. Miguu ya vichanja niliisimamisha kwenye makopo ya oili chafu, sungusungu wakakoma.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni maji. Pale kote ni bahari, nyuki hawana pa kunywa. Nikapeleka ndoo za maji ya kisima, nikatia makumbi ya nazi yaelee juu yake. Nyuki hutua kwenye makumbi, hunyonya unyevu, hawazami. Kila siku ya tatu nilikwenda kuzijaza, na nauli ya dau ilinila kuliko mbao za mizinga.

Mavuno ya kwanza yalikuwa kilo kumi na kitu kwa mzinga mmoja, mingine pungufu. Asali nzito, na mwisho wake ulimini kuna chembe ya chumvi. Ami alilamba kijiko, akanyamaza, akaomba chupa ya pili. Mizinga sasa ni 9. Nyumbani Mokowe nimepanda mikunazi, jamaa ya ule mti unaowapa Wahadhrami wa Yemen asali yao ya sidri, ili nyuki wapate chakula mchu unapopumzika. Miwili imeshafika kifuani.