Injini inanguruma, umeme hakuna

Mashine yenyewe ni ya dizeli, ile ya kuvutwa na gari. Inachomelea, na pembeni ina soketi ya volti 230 kwa ajili ya grinda na drili. Tulikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, tukisimamisha mnara wa tenki la maji mahali ambako nguzo za umeme hazijafika. Injini ikawaka bila shida, mlio safi kabisa, lakini kijiti cha kuchomelea kikigusa chuma hakuna hata cheche. Grinda nayo kimya.

Msaidizi wangu alishahukumu: "Kaka, AVR imekufa hiyo." Mwenye mashine alishaambiwa hivyohivyo na fundi mwingine, na bei alishatajiwa. AVR, kile kifaa cha kurekebisha volti, hubebeshwa kila lawama kwa sababu kuibadilisha ni kazi rahisi. Mimi niliangalia jambo moja: kuchomelea na soketi vimekufa kwa pamoja. Kingekufa kimoja, ningeanzia kwenye diodi za upande wa kuchomelea, au kwenye swichi ya soketi. Vikifa vyote huku injini inazunguka, tafuta kule vinakochangia, yaani kwenye rota, ile sehemu inayozungushwa na injini ndani ya jenereta, kama inapata umeme wa kuifanya sumaku.

Nikaweka mita kwenye soketi: volti 4. Ni kidogo, lakini zilitosha kunionyesha njia. Chuma cha rota hubaki na usumaku kiasi hata mashine ikizimwa, na huo ndio huanzisha umeme kila unapowasha. Ningekuta sifuri, ningechomoa waya za kaboni, vile vipande vinavyoigusa rota kuipelekea umeme, kutoka kwenye AVR na kuipa rota umeme wa betri ya volti 12 kwa sekunde chache, chanya kwa chanya, ili usumaku urudi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatutazama alishaanza kufungua kiti cha pikipiki yake atoe betri. Nikamwambia, "Subiri kwanza, mdogo wangu."

Tukazima injini, tukatoa waya wa betri ya mashine, tukafungua mfuniko wa nyuma. Nilipima kupitia waya za kaboni, mita haikusoma kitu. Nikagusisha ncha za mita kwenye ringi za rota zenyewe, zile ambazo kaboni huzigusa: omu 28, na kati ya ringi na shafti hakuna mawasiliano yoyote. Koili ya rota nzima, basi. Kaboni moja ilikuwa imenasa ndani ya kishikio chake, vumbi na mafuta vimegandamana, springi inasukuma lakini kaboni haishuki. Ringi iliyo chini yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikafuta kishikio kwa kitambaa kikavu mpaka kaboni ikateleza yenyewe, kisha nikasugua ringi kwa msasa laini wa karatasi. Ule msasa mgumu wa kusugulia chuma siutumii hapo, chembe zake hubaki zikila kaboni.

Tukawasha, volti zikapanda, kijiti kikashika. Furaha haikudumu. Ukichomelea mshono mrefu kidogo, injini inazama sauti na kijiti kinanata kwenye chuma. Mita ilisoma Hz 52 bila mzigo, yaani mawimbi ya umeme kwa sekunde, ambayo hufuata kasi ya injini; mzigo ukiingia, zinashuka hadi 43. Zikishuka namna hiyo, waya ziache, rudi kwenye injini. Mashine hii hutoa Hz 50 injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa hiyo ilikuwa inazidiwa. Tulipofungua kikombe cha filta ya dizeli tulikuta maji yametuama chini, na filta imeziba kwa uchafu wa kwenye madumu. Tukamwaga, tukafunga filta mpya, tukapiga pampu ya mkono kutoa hewa. Tulipochomelea tena, Hz zilikaa 50.

Mwenye mashine bado alikuwa na AVR kichwani. "Sasa fundi, ile ya dukani niilipie?" Nikamwambia aiache hukohuko, anunue kaboni jozi moja na filta mbili za akiba, na dizeli aichuje kabla ya kumimina.