Na Wewe Ulikuwa Nani?

Ni siku ya tano leo na bado ninamsikia yule mama. Tangu aliponiuliza nimelala katika vitanda vitatu tofauti, mpiga dramu ametangaza kwamba ziara hii ikiisha naye ameisha, gari limelala njiani usiku mzima kwa sababu ya mkanda wa feni, na katika hayo yote hakuna lililonikosesha usingizi kama swali lake la maneno manne.

Lilikuja baada ya onyesho la Jumanne. Mliozoea kunisoma mnajua kwamba sisi ni bendi ya kuwaigiza Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, na kwamba tukishamaliza kupiga huwa tunakaa ukumbini nusu saa ili watu wapige picha nasi, na mnajua pia kwamba mwimbaji wetu hawezi kupita popote bila kuzingirwa. Akishabandika masharubu na kuvaa lile koti la manjano awe Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, hata mimi niliyemwona asubuhi akitafuta soksi hugutuka kidogo. Mpiga gitaa naye ana wigi lake kubwa la nywele za kujikunja, na hupigia sarafu ya zamani ya peni sita kama afanyavyo Brian May mwenyewe, mpiga gitaa wa Queen, sarafu ambayo watoto hupanga foleni kuishika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika nikiviringisha waya.

“Samahani, mwanangu,” alisema yule mama, “na wewe ulikuwa nani?”

“John Deacon, mama.”

“Yupi huyo?”

“Yule wa gitaa la besi.”

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani aliyehama zamani. “Kumbe naye alikuwamo!” Kisha akanikabidhi simu yake. “Basi hebu tupige picha, tusimame na Freddie.”

Nikawapiga. Kioo cha simu kilikuwa na ufa uliopita katikati ya uso wa mwimbaji wetu, na nilirudi hatua moja nyuma ili viatu vyake vyeupe navyo vionekane, nikahesabu moja, mbili, tatu, halafu nikapiga ya pili kwa sababu mjukuu wake alikuwa amefumba macho. Alinishukuru sana. Sijui kwa nini shukrani ile ilinikaa kooni kuliko swali lenyewe.

Tangu hapo nimemjibu mara nyingi sana, kila mara nikiwa peke yangu na kila mara kwa ufasaha mkubwa. Humwambia kwamba wimbo aliokuwa akiucheza pale mbele mikono ikiwa juu, “Another One Bites the Dust”, ulitungwa na huyo Deacon asiyemjua, na kwamba mwaka 1980 ulifika namba moja nchini Marekani. Humwambia kwamba “I Want to Break Free” ni wake pia. Humwambia kwamba “You're My Best Friend” aliutunga kwa ajili ya mkewe, na kwa kuwa Freddie hakukipenda kile kinanda cha umeme, Deacon alikipiga mwenyewe walipourekodi. Nikifika hapo, yule mama wa kichwani mwangu huwa ameshaondoka na mjukuu wake, nami nabaki nikimhubiria dereva aliyelala.

Tena hakuuliza “wewe ni nani”. Hilo ningelijibu. Aliuliza “ulikuwa nani”, kama vile nimeshapita, na miaka yangu sita ya kujifunza kusimama kama mtu mwingine, kuanzia namna ya kuinamisha shingo hadi zile hatua ndogo za miguu, imejaa katika kitenzi kimoja cha wakati uliopita.

Nilimpigia dada simu nikitaka anionee huruma, naye akacheka. “Sasa unalia nini? Si ndiyo kazi yako?” Dada hakukosea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Deacon ndiye aliyejiunga na Queen wa mwisho kati ya wale wanne, mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 19. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sauti yake haimo katika ile kwaya nzito ya “Somebody to Love”, ambayo waliifanya wenzake watatu kwa kurundika sauti zao juu ya sauti zao. (Fundi mitambo wetu amekiri kwamba kipaza sauti changu hukifungua nusu tu, eti kwa kuheshimu historia.) Mwaka 1997 aliondoka jukwaani na hakurudi tena. Kwa hiyo anayemwigiza Freddie akisahauliwa ameshindwa kazi, lakini anayemwigiza Deacon akisahauliwa huenda ameifanya vizuri mno, nami sikuajiriwa kuwa na wivu.

Juzi Ijumaa waya wangu ulikatika kabla ya majaribio ya sauti. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma na pasi ya kulehemu, moshi ukinipanda puani, nikamkumbuka Deacon aliyesomea elektroniki, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1970 aliokota kipande cha mzunguko wa umeme kwenye takataka za ujenzi, akakifunga ndani ya kasha dogo la spika, akakipa betri. Kikatokea kikuza sauti ambacho Brian May alikitumia studio kufanya gitaa lake lilie kama kundi zima la vinanda na tarumbeta. Wengi wameisikia sauti ya kile kikasha bila kujua kwamba kipo. Nilijikuta natabasamu peke yangu pale ngazini, na risasi ya kulehemu ikanidondokea kwenye kiatu.

Usiku ule tulifika kwenye “Bohemian Rhapsody”, na kama kawaida, sehemu ya opera ilipoanza tuliondoka jukwaani. Wapo wanaolalamika kwamba tunakimbia, lakini hivyo ndivyo Queen wenyewe walivyofanya, kwa sababu sauti zile zilirundikwa studio mwaka 1975 na hakuna watu wanne wanaoweza kuziimba mbele ya watu. Mkanda hupigwa, taa huchezacheza, nasi husimama nyuma ya pazia gizani kwa karibu dakika moja tukipokezana chupa ya maji. Ni dakika ninayoipenda kuliko zote. Hakuna aliye Freddie wala Deacon. Ukumbi mzima unaimba upande wa pili, na mpiga dramu, ambaye siku zile tulikuwa hatusemeshani naye vizuri, alinishika bega akauacha mkono hapo hadi gitaa lilipotuita turudi.

Kisha ukaja ule wimbo wa 1980. Taa zote zilizimwa, dramu ikaanza peke yake, nikaweka noti tatu za E zinazofanana, halafu kile kimya kifupi ambacho ndicho chenye kazi kubwa kuliko noti. Noti zile huanzia kwenye mbao za jukwaa, mtu huzipata miguuni kabla hazijamfika masikioni. Safu ya pili alikuwepo mzee aliyekunja mikono tangu mwanzo, bila shaka ameletwa na mtu, na nilimwona shingo ikianza kumtikisika kabla yeye mwenyewe hajajua. Hakunitazama. Alikuwa akimtazama mwimbaji, kama wote. Hapo ndipo nilipomsikia tena yule mama, kwa sauti ile ile, lakini safari hii nikayasikia maneno yake ya pili. Hakusema “alikuwepo”, neno ambalo lingemtosha hata mtu aliyesimama pembeni akishika makoti. Alisema “alikuwamo”. Nilikosea noti moja kwa kulifikiria neno hilo, na hakuna aliyegundua.

Kumebaki maonyesho kumi na moja. Dada ameniandikia usiku huu kwamba mwalimu analalamika mtoto ananakili vibaya ubaoni, na nyumbani anaandika daftari likiwa karibu kugusa pua. Mara ya mwisho nilipokuwa naye tuliangalia pamoja picha za onyesho letu, akawa anasogea, anasogea, hadi paji la uso likakaribia kioo. Nilidhani ananitafuta mimi. Nilimcheka, nikamwambia arudi nyuma.